Asali ya Nyuki Wadogo na Kinyago cha Muhugu: Tathmini ya Bidhaa Mbili za Msitu Mmoja, Malindi

Katika mji wa kale wa Malindi, si mbali na ufuo, yapo maduka yanayouza vinyago, vikapu vya ukindu, leso na asali chini ya paa moja. Wanunuzi wake ni wenyeji wanaotafuta zawadi za kuwapelekea jamaa zao wa bara, pamoja na wageni wa Kiitaliano ambao mji huu umewazoea tangu miaka mingi. Tathmini hii inahusu bidhaa mbili nilizozinunua katika duka moja la namna hiyo: chupa ya asali ya nyuki wadogo wasiouma, na sanamu ya kifaru iliyochongwa kwa mti wa muhugu. Zilikuwa zimepangwa kwenye rafu moja, na muuzaji alinieleza kwamba zote mbili zimetoka upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke, ule ulio kandokando ya barabara ya Mombasa mtu akishapita Gede. Jina la duka sitalitaja, kwa kuwa kasoro kubwa nitakayoieleza ni ya maduka mengi ya pwani, na haitakuwa haki kumbebesha mmoja mzigo wa wote.

Asali naipendekeza, lakini kwa sharti nitakalolitaja. Sanamu ya muhugu siipendekezi, na hili si jambo jepesi kwangu kulisema, kwa sababu kama kazi ya mikono inazipita bidhaa nyingine zote nilizoziona humo dukani. Nimezipima pamoja kwa kuwa mnunuzi huziona kama ndugu: zote ni mazao ya msitu, zote huuzwa kwa maneno ya uhifadhi, na kila moja inatokana na kiumbe ambacho hakiwezi kukimbia kinapofikiwa na shoka.

Asali ya nyuki wadogo si ile tuliyoizoea katika chai. Ni nyepesi, humiminika upesi, na rangi ya hii niliyoinunua ni kahawia yenye wekundu kidogo. Utamu wake hufika kwanza lakini haukai. Hufuatwa mara moja na uchachu ulio wazi, na mwishowe hubaki ladha ya utomvu wa miti ambayo mtu asiyeijua anaweza kudhani kwamba asali imeharibika. Haijaharibika. Nyuki hawa hawaweki akiba yao ndani ya masega yenye vyumba vya pembe sita kama wafanyavyo nyuki wakubwa, bali huitia katika vijungu vidogo vya mviringo wanavyovifinyanga kwa nta iliyochanganywa na utomvu waliouokota kwenye magome, na humo asali hukaa ikinywa harufu ya chombo chake. Kwa sababu hiyo chupa mbili za nyuki wa aina moja, zilizotoka pembe mbili za msitu, zinaweza kutofautiana ladha, na mnunuzi asishangae akirudi dukani na kupata asali isiyolingana na ile ya kwanza.

Wepesi wake una sababu. Viwango vya kimataifa vya chakula, vinavyojulikana kwa jina la Codex, vinataka asali ya kawaida isizidi asilimia 20 ya maji, lakini asali ya nyuki wasiouma mara nyingi huvuka kiwango hicho hata ikiwa haikutiwa tone la maji na mtu yeyote. Kanuni zilizotungwa kwa ajili ya nyuki wakubwa haziwezi kuipima kwa haki. Hata hivyo, unyevu huohuo ndio unaompa mdanganyifu nafasi, maana asali nyepesi iliyozimuliwa kwa maji ya sukari haitofautiani sana na hii kwa macho. Majaribio ambayo watu huambiana nyumbani, kama kuchovya njiti ya kiberiti ndani ya asali kisha kuiwasha, au kuimwaga asali katika bilauri ya maji na kutazama kama itazama, hayafai hapa, kwa sababu asali hii inaweza kushindwa hata ikiwa safi. Nilitegemea pua na ulimi: uchachu wake una kina, na harufu ya utomvu ni vigumu kuighushi kwa sukari.

Ufungaji wake ni mzuri. Chupa ni ya kioo, kifuniko kimekaza, na ndani hamna uchafu isipokuwa vipande vidogo vya nta vilivyoelea juu. Kioo ni chaguo la busara, ila asali yenye maji mengi huendelea kuchachuka polepole na kutoa hewa, na kwa joto la Malindi ni vyema kuiweka kwenye friji na kufungua kifuniko taratibu. Bei ilikuwa shilingi 800 kwa chupa ya mililita 250, zaidi ya maradufu ya asali ya kawaida iliyokuwa kando yake, nami siioni kuwa ghali nikizingatia jinsi kundi moja la nyuki hawa linavyotoa asali kidogo. Katika nyumba nyingi za pwani asali hii huwekwa kama dawa ya kifua, na mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hana la kuhofia. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali ya aina yoyote, hii ikiwemo, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo tumbo lake changa halijaweza kuzishinda. Onyo hilo halikuwemo kwenye lebo, na lilistahili kuwemo.

Lebo yenyewe ilisema «asali ya nyuki wadogo», ikataja ujazo na nambari ya simu, ikaishia hapo. Huu ni upungufu mkubwa, kwa sababu nyuki wadogo si wa aina moja. Yuko Hypotrigona gribodoi, mdogo mno, ambaye huridhika na tundu la mti au hata ufa katika ukuta wa nyumba ya udongo. Yuko yule ambaye wataalamu wamemwita kwa muda mrefu Meliponula ferruginea, mkubwa kidogo kuliko huyo, anayekaa ndani ya mashina yenye uvungu. Yuko pia Dactylurina schmidti, wa misitu ya pwani, ambaye namstaajabia kuliko wenzake: hujenga kiota chake nje, kikining'inia chini ya tawi, kikiwa kimefunikwa kwa gamba la nta na utomvu, na masega yake ya watoto husimama wima ilhali nyuki wengine wasiouma kwa kawaida huyalaza. Anayeng'oa kiota cha tawini na anayepasua shina la mti wa miaka mingi hawafanyi madhara ya namna moja, na mnunuzi asiyejua ni nyuki yupi hawezi kujua ametoa fedha zake kwa kazi gani.

Jambo ambalo kila mnunuzi wa asali hii anapaswa kulijua linahusu malkia. Nyuki wakubwa wa Afrika wakisumbuliwa kupita kiasi huhama; malkia huruka pamoja na kundi lake, wakaanza upya mahali pengine. Malkia wa nyuki wasiouma, akishaanza kutaga, tumbo lake huvimba kiasi kwamba hawezi tena kuruka. Kiota kikivunjwa, yeye hubaki pale chini pamoja na watoto wake, siafu wakaja, na kundi likawa limekwisha. Wala kundi jipya halianzi kwa siku moja: nyuki vibarua hutangulia kutafuta tundu, wakawa wanabeba nta, utomvu na asali kutoka kwa kiota mama kwa muda, ndipo malkia mchanga ahamie. Naye kabla ya kutulia hana budi kuruka nje mara moja kupandana na dume, na inampasa dume huyo awe wa kundi jingine. Kundi lililobaki peke yake katika kipande cha msitu kilichozungukwa na mashamba yaliyofyekwa halina mustakabali mrefu, kwa kuwa nyuki hawa hawaruki mbali.

Asali ya aina hii, kwa hiyo, hupatikana kwa njia mbili ambazo lebo huzifunika kwa maneno yaleyale. Iko ya mrina asali anayeingia msituni na shoka, akaona mlango wao mdogo wa utomvu kwenye gome, akapasua shina, akakamua vijungu vyote pamoja na chavua na watoto, akaondoka. Na iko ya mfugaji mwenye mizinga ya mbao iliyogawanywa sehemu mbili, moja ya watoto na nyingine ya akiba, ambaye hufungua sehemu ya akiba peke yake, akatoboa vijungu, akavuta asali kwa bomba la sindano na kuwaachia nyuki kiasi cha kuwatosha. Mfugaji huyu anaweza hata kuligawa kundi lililonawiri likawa makundi mawili. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, kimefanya kazi kwa miaka mingi juu ya ufugaji wa nyuki wasiouma na juu ya faida yao katika uchavushaji wa mazao, na elimu hiyo ipo kwa anayeitafuta. Sharti langu la kuipendekeza asali ni hilo: itoke kwa mfugaji, na muuzaji aweze kulithibitisha. Katika duka hili nilipewa jibu la kuniridhisha kiasi, kwamba chupa zinaletwa na kikundi cha akina mama wa vijiji vya ukingoni mwa msitu wenye mizinga yao. Nilipopiga nambari iliyo kwenye lebo, sauti iliyonijibu iliweza kunieleza jinsi mizinga ilivyo na lini ilifunguliwa mara ya mwisho. Ingekuwa imeandikwa kwenye karatasi, nisingehitaji kupiga.

Sasa sanamu. Mchongaji wake anaijua kazi. Mikunjo ya ngozi shingoni imefuatishwa na mistari ya mti wenyewe, miguu minne imesimama sawasawa mezani bila kutikisika, na msasa umepita hadi chini ya tumbo, mahali ambapo wachongaji wa haraka huacha alama za tezo. Nilifurahi pia kuona kwamba haikupakwa rangi ya viatu. Katika maduka ya pwani bado vipo vinyago vya mti mweupe vilivyopakwa weusi na kuuzwa kwa jina la mpingo, na anayetaka kujilinda asugue sehemu ya chini kwa kitambaa chenye maji. Niliisugua hii, na kitambaa kikabaki safi. Uzito wake unazidi ule ambao macho hukadiria. Rangi ni kahawia inayoelekea manjano, yenye mistari myembamba, na ukikwaruza kidogo chini ya mguu hutoka harufu tamu ambayo haina mfano katika mbao nyingine za kuchongea, kwani muhugu una mafuta ya kunukia ambayo huvukizwa na kuuzwa kwa watengenezaji wa manukato. Shilingi 3,500 kwa kazi hii si nyingi. Kwa ufundi peke yake ningeipa alama zote.

Lakini sanamu haiuzwi peke yake. Inauzwa pamoja na mti uliotolewa. Muhugu, Brachylaena huillensis, ni wa jamii ya alizeti, jamii ambayo wengi wa ndugu zake ni mimea midogo na vichaka, na ni miti michache mno ndani yake inayofikia kimo cha huu. Unaota pwani ya Kenya na Tanzania, unapatikana pia katika misitu ya Nairobi kama Karura, na mtawanyiko wake unafika hadi Angola na kusini mwa bara. Mbao yake ni ngumu, haishambuliwi kirahisi na mchwa, na hudumu ardhini. Kila sifa njema ya mti huu imekuwa sababu ya kuukata: ulikatwa kwa nguzo, ukakatwa kwa sakafu za vipande vya mbao zilizopelekwa ng'ambo, ukakatwa kwa makaa, kisha ukakatwa kwa vinyago. Orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini imeuweka katika daraja la wanaokaribia kuwa hatarini, daraja ambalo masikioni linatuliza. Mimi halinitulizi, kwa sababu mti unaokua polepole namna hii unaweza kuonekana mwingi katika hesabu huku ule wenye unene wa kufaa kazi ukiwa umekwisha.

Arabuko-Sokoke ina takribani kilomita 420 za mraba, na ndiyo kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki. Si msitu wa sura moja. Upande wa mashariki una mchanganyiko wa miti mingi, katikati kwenye mchanga mweupe kuna miti ya mirihi, na upande wa magharibi, kwenye udongo mwekundu, ndiko muhugu huota pamoja na miti ya Cynometra katika kichaka kilichofungamana. Humo ndimo anamoishi bundi mdogo wa Sokoke, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1966, ambaye nje ya hapa anajulikana katika sehemu chache tu, zikiwemo misitu ya chini ya Usambara, Tanzania. Mtu anayetoa muhugu katika eneo hilo anaitoa nguzo moja ya nyumba kuu ya bundi huyo nchini Kenya. Na tukumbuke kwamba shina kuukuu lenye uvungu, ambalo mkata mbao hulidharau na mchoma makaa hulichukua, ndilo hasa nyuki wadogo wanalolitafuta.

Kuna sifa nyingine ya muhugu ambayo muuzaji wala mnunuzi haioni kwenye sanamu. Mti huu una dume na jike, kila mmoja akisimama peke yake. Jike asiye na dume wa karibu hazai mbegu zinazofaa. Mbegu zenyewe ni nyepesi, hubebwa na upepo, nyingi huwa tupu au huharibiwa na wadudu, na chache ndizo zinazochipua. Hapa ndipo mti na nyuki wanapofanana kuliko mahali pengine popote: malkia anahitaji dume wa kundi la jirani, na muhugu jike anahitaji dume wa jirani, na wote wawili wanaweza kuendelea kuonekana hai katika kipande kidogo cha msitu miaka mingi baada ya kupoteza uwezo wa kurithisha. Lakini hapo hapo ndipo wanapoachana. Nyuki anaweza kusaidiwa na mkono wa binadamu ndani ya msimu mmoja, kwa mzinga, kwa kugawa kundi, kwa kupeleka kundi moja karibu na jingine. Muhugu uliopandwa leo na kijana wa Jilore, kando ya msitu, utafikia unene wa kuchongwa akiwa mzee, kama si baada yake. Asali ni pato la mtaji ambao umebaki mahali pake, na sanamu ni mtaji wenyewe umeuzwa.

Najua kwamba kuandika hivi kunawagusa wachongaji, na sitaki wafikiriwe kuwa ndio adui wa msitu. Uchongaji wa vinyago vya biashara nchini Kenya una historia inayoheshimika: Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, alijifunza kazi hii Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akairudisha nyumbani, na kutoka kijijini kwake ikaenea hadi Nairobi, Mombasa na hapa Malindi, ambako wachongaji wana ushirika wao. Familia nyingi zimesomesha watoto kwa tezo na patasi. Wachongaji walianza na mpingo. Mpingo ulipoadimika na kupanda bei wakahamia muhugu na mizeituni pori. Sasa muhugu nao unapatikana kwa taabu, na wao ndio wa kwanza kulisema, maana wao ndio wanaoulipia. Walio wengi hawaingii msituni. Wananunua kwa mtu wa kati, usiku au mchana, na bei wanayopewa haielezi mti ulikotoka.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 imekwishatofautisha bidhaa hizi mbili kwa namna inayomsaidia mnunuzi. Kukata mti katika msitu wa umma bila kibali ni kosa. Kwa upande mwingine, miongoni mwa haki ambazo sheria hiyo inaruhusu chama cha jamii cha misitu kupewa, kurina asali imetajwa waziwazi. Kwa hiyo kijiji cha ukingoni mwa Arabuko-Sokoke kina mlango halali wa kufika sokoni na asali, na tena kina mfano wa karibu, kwani Mradi wa Kipepeo pale Gede, ulioanzishwa mwaka 1993, umeonyesha kwamba wakulima wanaopakana na msitu wanaweza kulipwa kwa kile ambacho msitu ulio hai huendelea kukitoa. Wao walianza na pupa wa vipepeo, yaani viwavi waliokwisha kujifunga kabla ya kugeuka, wanaosafirishwa kwenda maonyesho ya Ulaya na Marekani.

Katika rafu ya chini ya duka hilohilo palikuwa na kifaru mwingine, wa ukubwa uleule, aliyechongwa kwa mwarobaini, kwa shilingi 2,200. Nilimlinganisha na yule wa muhugu kwa makini. Mistari ya mbao ni mipana zaidi, rangi inaelekea wekundu, harufu hakuna, na mchongaji amelazimika kurahisisha mikunjo ya shingo kwa kuwa mbao haikubali ncha nyembamba kama ile. Hatari yake ni ufa: mwarobaini uliochongwa ukiwa mbichi hupasuka ukifika Nairobi kwenye hewa kavu. Huyu alikuwa amekaushwa vizuri, sikuona ufa wowote, na hata miguuni ambako ufa huanzia palikuwa pamefungamana. Mwarobaini ulitoka Bara Hindi, umeenea pwani nzima, huota uani na kando ya barabara bila kuombwa, na ukikatwa huchipua tena. Mnunuzi anayetaka kinyago kutoka Malindi achukue huyu. Hatakuwa amepata uzuri wote wa muhugu, nami sitadai vinginevyo.

Huduma ya dukani ilikuwa ya adabu tangu mwanzo. Nilimwamkia muuzaji, mama wa makamo, kwa shikamoo, akaniitikia marahaba na kuniacha niangalie bila kunisukuma, jambo ambalo mtu aliyezoea mitaa ya watalii hulishukuru. Bei zimeandikwa, punguzo hutolewa kidogo kwa anayenunua zaidi ya kitu kimoja, na malipo kwa simu yanapokewa. Nilipomuuliza mti wa kifaru ulitoka wapi, alinijibu kwa upole, «Mwanangu, sisi tunaletewa tu.» Baadaye akaongeza kwamba fundi humwambia ni mti ulioanguka wenyewe. Inawezekana, miti huanguka, na wako wachongaji wanaotumia visiki na mabaki. Lakini duka ambalo linaweza kunionyesha risiti ya vikapu vya ukindu kutoka kwa msusi wake halikuwa na hata karatasi moja ya mbao ya thamani kuliko vyote vilivyomo humo, na kwa bidhaa kama hii neno la mdomo halitoshi.

Wapo watakaosema kwamba kifaru amekwisha kuchongwa, na nisiponunua mti hautasimama tena. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama sanamu hii ingekuwa ya mwisho. Rafu inapobaki wazi, muuzaji hupiga simu kwa fundi, na fundi kwa mtu wa kati. Mimi niliinunua ili niipime kwa tathmini hii, nami nilimweleza mama huyo sababu, nikamwomba aniagizie ya mwarobaini wakati mwingine. Alisikiliza, akasema wageni wengi huuliza kwanza uzito na harufu, na hawaulizi kitu kingine.

Kwa anayekusudia kununua asali: haipatikani mwaka mzima, kwa hiyo ni vizuri kupiga simu kabla ya kutoka nyumbani au kuacha nambari dukani. Aombe chupa ya kioo, aangalie tarehe ya kufungwa, na aulize mambo mawili tu, yaani mzinga uko wapi na nani aliyeufungua. Duka hufungwa adhuhuri na kufunguliwa tena alasiri, na siku ya Ijumaa hukawia zaidi. Msafiri wa ndege ya kimataifa asiiweke chupa ya mililita 250 katika mkoba wa mkononi, kwa kuwa itachukuliwa kwenye ukaguzi. Aifunge kwa leso na kuisimamisha wima ndani ya sanduku kubwa, kifuniko kikiwa kimekazwa.